Nilivyomzika mchora katuni Sindano pamoja na watu waliofuata sukari

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa.

Naona humu jukwaani watu wanamlilia mchora katuni ambaye hawakuwahi hata kupeana naye mkono, na wengine wanawacheka. Msiwacheke. Mimi yalinikuta Kariakoo enzi za Ujamaa, nikiwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Siongezi chumvi, maana story yenyewe ilishajaa chumvi tangu zamani.

Kulikuwa na mchoraji gazetini, anasaini "Sindano". Mhusika wake aliitwa Bwana Nusukilo, mtu mwembamba mwenye koti kubwa, mbishi kupindukia. Kuna siku alibishana na kuku mpaka kuku akaomba radhi.

Nilikuwa fan wa kutupwa. Gazeti likifika naanzia ukurasa wa nyuma, habari za dunia zitasubiri.

Siku moja kwenye kahawa pale Msimbazi, namwona jirani yangu Baba Zaituni, karani mpole aliyehamia mtaani kwetu mwezi ule ule, anachorachora kwenye karatasi iliyofungiwa kashata. Nachungulia. Koti lile!

Nikamwambia, "Kumbe wewe ndiye Sindano!"

Kahawa ikampalia. "Nyamaza bwana! Bosi wangu ndiye Nusukilo. Akijua, sina kazi."

Nikaapa kwa mama yangu mzazi. Na mimi siri kwangu hukaa kama maji kwenye pakacha, lakini ile niliishika wiki tatu nzima.

Wiki ya nne homa ikamchukua alfajiri.

Sasa elewa shida ilikuwa wapi. Kwao ni Lindi, na masika yale barabara ya kusini ilikuwa imekatika, hakuna ndugu wa kufika. Mtaani watu hawajamzoea. Maziko ni siku ile ile, baada ya alasiri. Mpaka saa sita mchana tulikuwa wanaume tisa, na hapo namhesabu mjumbe wa nyumba kumi ambaye alikuwa anasinzia.

Mjane wake, Mama Zaituni, alikuwa ndani amekaa karibu na dirisha la barabarani. Nikamsikia anawauliza wenzake, "Tisa? Hata wa kupokezana jeneza hawatoshi!"

Wakuu, mnajua kwetu mtu kuzikwa bila watu ni aibu gani. Aibu ile haiendi kaburini, inabaki na mjane. Iliniuma sana. Mtu kachekesha mji mzima, halafu anazikwa kama kibaka!

Jua lilikuwa kali na jamvi hatuna. Nikawaambia wenzangu tuegemee ukuta, kwenye kile kivuli chembamba. Tukajipanga mmoja mmoja.

Hapo ndipo nilipokosea, au ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi.

Miaka ile ukiona watu wamejipanga ukutani unajiunga kwanza, kuuliza baadaye. Sukari, sabuni, khanga, chochote kile. Akaja mama mmoja na kikapu, wakaja watatu, na haikupita nusu saa foleni imekata kona kuelekea Mchafukoge. Mzee mmoja kaja na beseni kabisa!

Nikawa nawasikia nyuma yangu.

"Wanatoa saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

"Kila mtu atapata?"

Mjumbe alikuwa ameshaamka. Akajibu kwa huzuni, "Kila mtu atapata, dada. Siku yake ikifika."

"Aa! Mimi nataka leo leo!"

Nikaona tunakoenda siko. Nikapanda juu ya kreti la soda nikapaza sauti: "Jamani, hapa hakuna kinachogawiwa! Hapa ni msiba! Ni Sindano!"

Ningejua ningenyamaza. Wakati ule watu walikuwa wanakimbia chanjo kama wanavyokimbia nyuki. Neno "sindano" lilipofika kwenye kona, watu wakatimka mbio. "Wanachoma! Wanachoma!" Beseni likabaki peke yake barabarani.

Nikalia, wakuu. Nilikuwa juu ya kreti nalia kama mtoto. "Sindano wa gazetini! Wa Bwana Nusukilo! Ndiye tunayemzika!"

Waliokimbia wakasimama pale kwenye kona.

Yule mzee alikuwa anarudi kuchukua beseni lake. Akauliza, "Nusukilo huyu aliyebishana na kuku?"

Nikasema ndiye.

Akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini barabarani, halafu nikaona yale ni machozi. Akageuka akawaita waliokimbia: "Rudini! Ni mtu wetu!" Wakarudi, na wakaja na wengine.

Jeneza lilipotoka hulioni kwa mikono. Wanaume wanalipokezana huku vikapu vinaning'inia kwenye viwiko. Wanawake wakajaa ndani mpaka uani, wanalia, wanasimuliana vituko vya Nusukilo, na kila baada ya muda mmoja anauliza kwa sauti ya chini kama sukari kweli haipo.

Bosi wake naye akaja, kavaa koti lile lile. Watu walipomwona wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Baadaye alisema hajawahi kuona waombolezaji wenye adabu kiasi kile.

Miaka ikapita. Jambo lile likawa linanitafuna, kwamba mjane anaishi na kumbukumbu ya umati ambao kumbe ulifuata sukari kwa kosa langu. Mwishowe nikavuka kwenda Kigamboni, alikokuwa anaishi kwa binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikajikaza. "Mama, nisamehe. Siku ile ya maziko mimi ndiye niliyewapanga watu ukutani. Wale wote walidhani kuna sukari."

Akanitazama weee. "We mtoto, ulidhani nani aliwaambia ni sukari?"

"Wewe, mama?"

"Alipita mama mmoja na kikapu, akaniuliza dirishani hapa wanatoa nini. Nikamwambia sukari, kilo mbili mbili. Halafu nikaendelea kulia. Siri ya mume wangu nimeibeba miaka kumi na moja, kila mtu anacheka na mimi kimya. Leo aje azikwe na watu tisa?"

Nikamshika mkono tu.

Funzo langu ni hili: msanii anayekuchekesha, mwambie angali anapumua. Mimi niliita jina la Sindano hadharani siku ya maziko tu, na yeye hakulisikia.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu aliwahi kuingia msiba usiomhusu akashindwa kuondoka? Na mnaotaka kuandika kwamba hii ni chai, sawa, ila sukari mtajitafutia wenyewe.