Maestro aliyenikataza kupiga kwa sababu nimefiwa, sasa anataka nipige kwa sababu nimefiwa

Admin, jina langu libaki kwako. Butembo, huku mashariki mwa Congo, ni mji mkubwa ila midomo inafahamiana, na nitakayemsema hapa anasoma ukurasa huu kila siku.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne. Nasoma muziki. Napiga fidla, au violon kama tunavyosema huku. Baba alikuwa mkulima wa kakao pembeni ya Beni, na yeye ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki yake mara ya kwanza kunipeleka Butembo kujifunza. Majirani walimcheka kwamba anamsomesha mtoto kuliza paka. Yeye alicheka nao, halafu kila niliporudi nyumbani na violon ya kuazimwa, jioni alikaa mlangoni na kuniomba nimpigie wimbo mmoja tu, ule wa kitabu cha kanisa alioupenda. Kila jioni wimbo huohuo, hakuchoka.

Baba aliuawa shambani na waasi. Wanaoishi upande wa Beni hawahitaji nieleze zaidi. Alikwenda kuvuna na wenzake, wakaletwa wamefunikwa turubai.

Wakati huo orchestra yetu ilikuwa inatafuta mtu wa kukalia kiti cha kwanza cha violon, yaani kiongozi wa wapiga violon, na mtihani ulikuwa umekaribia. Nilikuwa nimejiandaa mpaka vidole vikaota sugu. Kwetu, nyumba iliyofiwa haipigi muziki mpaka kilio kiondolewe. Mila hiyo naijua na naiheshimu. Ndiyo maana nilingoja. Wazee wa kanisa walikuja, wakaomba, tukanyolewa, kilio kikaondolewa. Mama mwenyewe aliniambia, "Enda, mutoto yangu. Baba yako angekufukuza na fimbo kama ungebakia hapa."

Nikafika Butembo na kichwa changu kilichonyolewa. Nilipoitwa nikasimama, nikaweka violon begani. Maestro, kiongozi wa orchestra yetu, akanitazama kichwani, akainua mkono.

"Hapana. Mwenye kilio hapigaka. Ile ni mila yetu."

Nikamwambia, "Maestro, kilio kimeshatoka. Bazee balitoa."

"Kilio iko mu roho. Naona kwa macho yako. Leta violon."

Akainyang'anya mkononi mwangu mbele ya watahiniwa wote, kwa kuwa violon ni za orchestra na si zetu. Akampa binti wa kaka yake. Binti huyo alikuwa bado anafungiwa nyuzi zake na wenzake! Akapiga, akakosea, akaanza upya, na Maestro akatikisa kichwa kwa furaha utadhani anasikia malaika. Hapo nikaelewa kwamba mila ilikuwa kisingizio tu cha kumpa kiti mtu wa familia yake.

Subirini, sijamaliza. Haikupita muda mrefu, akafa afisa mmoja wa jeshi, maziko Beni. Maestro akanitumia dereva wa pikipiki: "Kuya haraka, vaa nguo nyeusi, tunakosa batu ba kupiga. Nitahesabu hii kama mutihani yako." Mwenye kilio hapigi, eti! Lakini kwa maziko ya mkubwa anapiga vizuri tu. Nami, mjinga wa kutupwa, nikaenda. Nikapiga kwenye vumbi na jua la Beni, si mbali na kaburi la baba, sikukosea hata mara moja. Tuliporudi nikamuuliza kuhusu kile kiti. Akajibu, "Ile ilikuwa kazi ya Mungu. Mutihani iliisha zamani."

Nikaacha orchestra. Siku hizi nafundisha watoto wa mtaa kuimba, na violon naishika ninapoazimwa.

Sasa sikieni. Yule binti wa kaka yake ameolewa, amehamia Kampala. Kiti kiko wazi. Na Jumapili hii orchestra inapiga Beni, ibada ya kuwakumbuka waliouawa, wageni wakubwa watakuwepo. Juzi Maestro alikuja nyumbani kwetu na mchungaji, amebeba violon ileile aliyoninyang'anya. Mama akawapa chai na mkate. Maestro akasema, tena kwa sauti ya asali:

"Mutoto yangu, kiti ni yako. Utakaa mbele kabisa. Batasoma majina ya bale balikufa, na wakati jina ya papa yako inatoka, wewe peke yako unapiga wimbo yake. Ukuye umenyoa kichwa. Batu batalia sana."

Nikamuuliza, "Maestro, ule siku ulisema kilio iko mu roho. Sasa imetoka?"

Akacheka. Haki ya Mungu alicheka, akachukua mkate mwingine. "Uko mukali sana. Ile ilikuwa ingine, hii ni ingine."

Mchungaji ananiambia nisamehe. Mama naye, jana nimemkuta anaipangusa ile violon kwa kitambaa chake cha kanisani. Nilipomuuliza, akasema, "Mimi hapana sikia ule wimbo tangu papa yako alikufa." Akaenda jikoni.

Namchukia yule mtu, sitadanganya. Nikikaa kwenye kile kiti, yeye ndiye atakayesimama mbele yangu na fimbo yake kunionyesha wakati wa kuanza, na machozi ya mama yatakuwa pambo la ibada yake. Nikikataa, jina la baba litasomwa hivyohivyo, na wimbo wake atapigiwa na mtu ambaye hakuwahi kukaa naye mlangoni.

Nyinyi mliofiwa, semeni nami. Msiniandikie "samehe tu", hiyo nimeshapewa pamoja na chai. Niambieni Jumapili nifanye nini, maana violon iko juu ya meza na mama amekwisha kunichemshia maji ya kunyolea.