Shati Chini ya Lami

Hatulii alizaliwa amesimama. Mkunga aliyempokea aliapa hivyo mpaka uzee wake, na akaongeza kwamba kile kitoto kilimtazama yeye, kikautazama mlango, kikaanza kupima umbali. Anayebisha akamuulize mkunga, kama atampata.

Alipokua akajifunza ufundi bomba, kazi ya kukimbiakimbia, ikamkaa mwilini kama ngozi. Alikuwa akianza kufunga sinki hapa, akisikia tangi linavuja kule, huyo! Akirudi, amesahau kama alikuwa anafunga sinki au choo. Chai aliinywa akitembea. Watoto wake wote walimjua kwa mgongo kabla ya kumjua kwa uso. Na visigino vya viatu vyake vilikuwa vikiisha hata vikiwa chini ya kitanda.

Mama mkwe wake alikaa ng'ambo ya barabara, nyumba inayotazamana na ya binti yake. Bomba kubwa la mtaa lilipita upande wa Hatulii tu. Kwake hakukuwa na tone. Kila asubuhi alivuka na ndoo, magoti yakilia kama bawaba zilizokosa mafuta. Asubuhi moja aliitua ndoo katikati ya sebule, akajishika kiuno.

"Mkwe," akasema, "hivi mtaa huu una fundi bomba?"

"Mama, si mimi hapa?"

"Aa, ni wewe? Nilidhani ni upepo unapita."

Neno hilo lilimchoma. Hatulii hakumaliza hata chai ya kutembea nayo. Alikwenda ofisi za jiji kuomba kibali cha kukata barabara. Karani akamsomea masharti bila kuinua macho. Lami ikatwe kwa msumeno, mstari ulionyooka. Udongo urudi tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lishindiliwe. Juu yake kokoto, juu ya kokoto lami ya moto, na mstari mweupe upakwe upya, barabara iwe kama haijaguswa.

"Sawa," alisema Hatulii, ameshageukia mlango.

"Bado, fundi. Mwenye kibali anakaa na kazi yake mpaka mkaguzi aje. Gari lisipite juu, na wewe usiende popote. Akikuta hupo, kibali kinafutwa na hupati kingine."

"Nikae?"

"Ukae."

"Yaani, kwenye kiti?"

"Hata kwenye jiwe, bwana. Ila ukae. Na mkaguzi akishaweka sahihi, ndipo maji yanafunguliwa, na sehemu ile haikatwi tena mwaka mzima. Kwa hiyo kama kuna kitu hujakiweka sawa, kiweke kabla ya sahihi."

Hatulii alitoka pale ameshika kibali kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto.

Kuchimba hakukumpa shida, kuchimba ni mwendo. Mtaro ulivuka barabara umenyooka kama uzi wa mshonaji. Akalaza bomba. Lilipobaki kiungo kimoja tu, akalivua shati lake la kazi, la kijani, akalisokomeza ndani ya mdomo wa bomba ili mchanga usiingie. Mafundi wote hufanya hivyo. Hapo hapo jirani akapiga kelele kwamba tangi lake linafurika mpaka kitandani. Unadhani Hatulii alisema atakuja baadaye? Alifika kabla kelele haijaisha.

Aliporudi, vijana wa mashine ya kushindilia walikuwa wamefika, mashine inanguruma, nao wanasubiriwa kwingine. "Fundi, unafukia au tuondoke?" Akaruka mtaroni, akaunga kiungo haraka haraka, akaruka nje. Udongo ukarudi, ukashindiliwa. Kokoto. Lami. Mstari mweupe.

Na kiraka kile, jamani! Kilikuwa laini hata sisimizi walikivuka kwa kushikana mikono wasiteleze. Waendesha baiskeli walirudi nyuma ili wapite pembeni yake tena. Ilikuwa kazi ya kwanza Hatulii kuianza na kuimaliza tangu dunia imjue. Akaweka kiti kando yake, akakaa.

Kukaa ndiko kulikokuwa kazi. Goti la kulia lilitikisika, la kushoto likaitikia, kiti kikawa kinasogea chenyewe kuelekea mjini na yeye anakirudisha. Alihesabu matofali ya ukuta wa mama mkwe, akayahesabu tena kuanzia chini. Mtu akipita amebeba koki ya sinki, Hatulii aliiangalia kama mlevi anavyoangalia chupa.

Ndipo mke wake alipotokea mlangoni na beseni.

"Baba watoto, nafua. Lile shati lako la kijani liko wapi?"

Magoti yakasimama. Mke wake akaogopa, maana hajawahi kuyaona yamesimama.

"Njoo ukalie kiti," alisema Hatulii taratibu. "Usiinuke hata wakikuita wazazi wako."

Akavuka hadi uani kwa mama mkwe, kwenye koki mpya, akaifungua, akapenyeza waya mrefu wenye ndoana. Akausukuma, akauzungusha, akauvuta. Kwenye ndoana kukaja uzi wa kijani tu, mrefu kama ndevu za mbuzi; shati lenyewe halikusogea.

"Unavua samaki, mkwe?" Mama mkwe alikuwa nyuma yake na ndoo tupu.

"Nasafisha bomba, mama."

"Bomba jipya?"

Akaukunja waya. Akarudi kitini, na sasa hata kichwa kilikuwa kinatikisika. Angenyamaza, nani angejua? Mkaguzi anakagua lami, haingii ndani ya bomba. Maji yakikosa kutoka, angesema watu wa maji ndio wenye matatizo, na mtaa wote ungeamini, maana mtaa huamini hilo hata bila kuambiwa. Lakini mwaka mzima mama wa watu avuke na ndoo kwa magoti yale? Na akisema, atakipasua kwa mkono wake kiraka pekee alichowahi kukimaliza. Alisimama, akakaa, akasimama, akakaa, mpaka watoto wa jirani wakadhani anacheza, wakajiunga.

Mkaguzi alifika jua likiwa katikati. Mama wa makamo, viatu bapa, rula ndefu ya chuma mkononi. Akailaza rula juu ya kiraka: hapakupita hata mwanga chini yake. Akagonga kwa kisigino, akasikiliza. Mama mkwe alikuwa amesimama ng'ambo, ndoo mkononi, nguo safi kama anayekwenda kupokea mgeni.

"Fundi, umefanya kazi," alisema mkaguzi, akachomoa kalamu. "Natamani wengine waje waone."

Sifa ile ilimpandisha Hatulii kimo. Kalamu ikagusa karatasi.

"Mama, ngoja!" akapaza sauti. "Usisaini. Shati langu liko humo."

"Shati?"

"Ndani ya bomba. Nilizibia mchanga. Nikakimbilia tangi la watu, nikasahau."

Mtaa uliangua kicheko hata kuku wakaruka. Mama mkwe hakucheka. Aliitua ndoo chini pole pole. Mkaguzi alimtazama Hatulii, akatazama kiraka, akafunga kalamu.

"Ungesema baada ya sahihi, ningekuachia shati lako na mwaka wako. Kibali bado kiko wazi. Kata, toa, rudisha kama ulivyorudisha. Na ukae tena kitini. Nitakuja bila kukuambia."

Hatulii alikipasua kiraka chake mwenyewe, macho pembeni, kama anayenyoa ndevu za baba mkwe. Shati likatoka limejikunja kama paka aliyelala. Safari hii alichungulia bomba mwanzo mpaka mwisho, na jirani alipopiga kelele za tangi, alimjibu kwa kelele zaidi: "Oga!"

Lami mpya ilipomwagwa, ikatapakaa mpaka pande zote za kiti chake, ikitoa moshi, mama mkwe alivuka kwa kuzunguka mbali, akalichukua shati.

"Nitalifua maji yangu yakifika," alisema. "Lete na viatu."

"Viatu vya nini, mama?"

"Vimejaa matope. Lete."

Akavivua, akamrushia. Mama mkwe akaondoka navyo kwapani, akaviweka dirishani kwake mahali mkwe wake anapoweza kuviona. Hatulii alitazama miguu yake mitupu, akatazama lami inayochemka kumzunguka.

Akakaa.