Mgeni Mlangoni kwa Shangazi

Tamthilia niliyoiandikia televisheni ilikuwa ya kusafiri katika wakati. Nesi wa kijiji cha Zinga, binti wa siku hizi, anajikinga mvua katika nyumba kuukuu ya Bagamoyo. Anapotoka, mtaani anakuta zama za misafara: wapagazi wanatua pembe za ndovu, na hakuna anayemjua. Niliiandika nyumbani kwangu Mapinga, na kila nilipoifikiria nyumba hiyo niliiona ya shangazi yangu.

Nikaenda kumwomba tuitumie. Shangazi alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya ukoo yenye kuta za mawe na mlango wa nakshi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo binti ametoka mbele, amerudi nyuma?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na kwao hawajui aliko."

"Hawajui."

"Maskini," akasema, na akakubali.

Siku ya kurekodi tulifunika mita ya umeme kwa jamvi, tukashusha dishi. Mama mmoja aliyepangwa kuigiza mwenye nyumba aliamka na homa. Mwongozaji akamtazama Shangazi, aliyekuwa amejifunga kanga zake barazani, akamwomba ashike nafasi hiyo. Maneno yalikuwa machache. Binti anabisha hodi, anaamkia, na bibi anamjibu: "Sikujui. Ondoka mlangoni kwangu." Nilitaka mji mzima umkatae, mtazamaji auone upweke wake.

Tukammwagia mwigizaji wa yule binti ndoo ya maji, akapiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umelowa hivyo?"

Mwongozaji akasimamisha, akamweleza tena kwa upole. Safari ya pili Shangazi alianza kusema "Siku...", akamshika binti mkono na kumwingiza ndani. Tulipojaribu tena alivua kanga ya begani akamfunika. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikamvuta pembeni. "Shangazi, ni maigizo tu."

"Najua ni maigizo. Lakini mtoto anatetemeka kweli. Nikimwambia simjui, aende wapi?"

Mama yangu alipofariki, nikiwa mdogo, mlango niliofikishwa ulikuwa huo, na aliyenipokea alikuwa yeye. Sikumkumbusha, wala yeye hakulitaja.

Nilimwambia mwongozaji kwamba nitabadilisha. Alinuna, na alikuwa na haki, maana hadithi nzima ilisimama juu ya kule kukataliwa. Nikakaa ngazini kuandika upya: binti anapokewa, anapewa nguo kavu na uji wa moto, na siku zinavyokwenda anazidi kupendwa mahali asipoweza kubaki. Shangazi alicheza sehemu zote zilizobaki bila shida. Kila walipopumzika alimtafutia yule mwigizaji kitu cha kula.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa nilikuwa nakwenda kuitazama naye. Katika sehemu ya mwisho binti anatoweka ghafla, kikombe cha kahawa kikiwa bado kinafuka moshi mkekani. Shangazi hakuondoa macho kwenye televisheni mpaka likaja tangazo la sabuni.

"Hakuaga," akasema.

"Safari hizo ndivyo zilivyo, shangazi. Zinamchukua mtu bila taarifa."

"Hata hivyo."

Kesho yake nilimpigia simu mwigizaji, nikamsimulia kama kichekesho. Akaniuliza Shangazi yupo nyumbani siku gani.

Ijumaa alifika kutoka Dar na mfuko wa machungwa. Walikaa ndani mchana kutwa. Mimi nilibaki barazani nikisikia vipande vya mazungumzo: mama yake binti aliyeko Ubena, jino linalomsumbua, mchumba ambaye hana hakika naye. Baada ya swala ya alasiri nikasikia, "Bibi, naomba ruhusa niende."

Siku hizo magoti yalikuwa yanamsumbua Shangazi, na akisindikiza wageni mara nyingi aliishia msikitini. Lakini alijitanda kanga akamsindikiza mpaka barabara kuu. Niliwatazama wakiondoka, binti akipunguza hatua ili waende sawa.

Aliporudi alikuwa amechoka. Nikamletea maji. Alikunywa, akaiweka simu yake kando yake barazani, kioo kikiwa juu.

"Amesema akifika atanijulisha," akasema, na hakuingia ndani mpaka ilipolia.