Ndiyo Mia Tatu za Kalondu

Mumewe Kalondu alikuwa na makosa kumi na moja, na Kalondu aliyajua yote kwa kichwa, kwa mfuatano, kama padri anavyoijua misa. La kwanza lilikuwa la mwaka 1981, Ndambuki alipouza mbuzi wawili wa mkewe akanunua redio, kisha redio yenyewe akawa anaenda kuisikilizia kwa mjane wa jirani. La kumi lilikuwa mwanamke wa Syokimau. La kumi na moja lilikuwa shamba la Wamunyu, ekari tatu ambazo Kalondu alizilima miaka ishirini na miwili, na ambazo Ndambuki sasa alikuwa amezipatia mnunuzi.

Bodi ya ardhi ilikuwa inakaa leo saa nane mchana, mjini Machakos. Bila ruhusa ya bodi shamba haliuziki, na bodi humuuliza mke. Karani alimwambia Kalondu alete malalamiko yake kwa maandishi.

Kalondu hakusoma. Waliosomeshwa ni kaka zake, nao wakaishia kuchunga ng'ombe wa watu. Kwa hiyo asubuhi tatu mfululizo aliiacha sufuria yake ya isyo, mahindi na maharagwe anayouza barazani, akaingia katika ofisi ya kuchapa barua ya Fathia. Fathia alikuwa binti wa Mire, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi, lakini alizaliwa hapo hapo Machakos, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha wajukuu wa Kalondu. Kalondu alisema, Fathia akachapa, kurasa nne nzima. Wino wa printa ulikuwa umeisha, wakakubaliana barua ilale kwenye kompyuta hadi wino uje.

Wino ulikuja leo saa nne. Kompyuta ndiyo iliyokataa kuamka.

Fathia aliiwasha. Kioo kikajaa maandishi meupe, kikasimama, kikadai neno la siri la mkuu wa mashine.

"Inasemaje?" Kalondu aliuliza.

"Inasema imeharibika ndani. Faili zimevurugika. Kuna mtu aliizima ghafla, ikiwa bado inaandika."

Kalondu aliangalia dari. Jana jioni, akimsaidia Fathia kufagia, alikuta kioo kimekuwa cheusi. Akajua imelala, akachomoa waya wake akachaji simu.

"Watu siku hizi ni wabaya," akasema.

Fathia alimpigia simu kaka yake Yahye, aliyeiwekea kompyuta hiyo mfumo wa Linux kwa kuwa ni wa bure, kisha akahamia Garissa. Yahye alisema mambo haraka haraka. Fathia akaandika mkononi kwa kalamu: weka neno la siri, andika fsck, amri ya kukarabati faili, bonyeza.

"Na usisahau kuongeza ile—" Yahye alisema, na kredo ikaisha.

"Kuongeza nini?" Kalondu akauliza.

"Mungu anajua."

Fathia aliandika bila kuongeza. Mashine ikaanza kukoroma, kisha ikauliza swali. Kuna kipande hapa hakina mwenyewe, nikirekebishe? Fathia akabonyeza ndiyo. Kikaja kingine. Ndiyo. Kingine tena. Kila kosa lilitaka ruhusa yake peke yake.

"Ina adabu," Kalondu alisema. "Ndambuki hajawahi kuniuliza hata mara moja."

"Mama Mwendwa," Fathia akamwita kwa jina la mwanawe, "hii itatupeleka hadi jioni. Nikuandikie kwa mkono?"

"Ya mkono? Ile ya mwaka jana naibu wa chifu aliifungia mandazi. Niliona jina langu limelowa mafuta. Nataka ya mashine."

Watu wa kutoa nakala za vitambulisho walikuwa wamejaa mlangoni. Fathia alimshika Kalondu kidole cha shahada, akakiweka juu ya kitufe chenye alama kama panda ya manati.

"Hii ni ndiyo. Ikiuliza, bonyeza."

"Inauliza nini?"

"Usijali inauliza nini."

Basi Kalondu akaketi, akabonyeza. Ilikuwa herufi ya kwanza kuijua maishani, na alijiona ni karani. Kidole kilichopukuchua mahindi ya miaka arobaini hakikutishwa na kitufe. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alihesabu kwa punje za mahindi, kila kumi punje moja mezani. Kufika punje ya ishirini, kidole kilikuwa kimevimba na dhamiri pia.

"Fathia. Jana ni mimi niliyechomoa."

"Najua. Simu yako bado iko kwenye soketi."

Kalondu akaendelea kubonyeza, kwa bidii zaidi.

Kwenye punje ya thelathini mashine ilinyamaza, ikazimwa, ikawashwa, ikaamka. Kalondu alipiga kigelegele hadi waliokuwa foleni wakashtuka. Lakini barua haikuwa mahali pake. Fathia alifungua kapu ambalo mashine hutupia vilivyopotea vikaokotwa, akakuta faili kadhaa, zote zimepoteza majina, zimebaki na nambari tu. Ikabidi zifunguliwe moja moja.

Ya kwanza ilikuwa ratiba ya mazishi. Ya pili, mtu wa Kithimani aliapa kwamba punda si wake. Ya sita ikawa yake. Fathia akasoma kimya, akapangusa uso kwa ncha ya mtandio.

"Mama Mwendwa, imebaki nusu ukurasa."

"Nusu ipi?"

"Ya mwisho. Vipande vingine vilikuwa vimeharibika kabisa. Mashine iliuliza kama ivifute."

"Nani alikubali?"

Fathia alikitazama tu kile kidole.

Saa saba na nusu ilikuwa imefika. Fathia akaitoa hiyo nusu kwenye printa; Kalondu akachomoa simu yake, akaikunja karatasi akaenda, akimlaani Ndambuki kwa kukosa mwingine wa kumlaani.

Katika ukumbi wa bodi Ndambuki alikuwa ameshaketi, amenyoa ndevu, viatu vinang'aa, na mnunuzi kando yake. Mwenyekiti, mzee Kilonzo, alivaa miwani akasoma kwa sauti:

"'...na viatu vyangu pia. La kumi na moja. Shamba la Wamunyu nalima mimi. Sikuulizwa. Sijakubali liuzwe. Kalondu.'"

Aligeuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Viatu gani, mama?"

"Mzee mwenyekiti, hivyo ni vya kosa la kumi. Ili uelewe viatu, lazima nianze 1981—"

"Hapana, hapana!" Wanabodi walicheka, walikuwa na mashauri kumi na tisa mengine. "Jibu moja tu. Unakubali shamba liuzwe?"

Ndambuki aliinama kuelekea kwake. Sauti yake ilikuwa ya asali, ile ile iliyowachukua mbuzi.

"Sema ndiyo tu, Mama Mwendwa, twende nyumbani."

Kalondu alikitazama kidole chake. Akakiinua juu, kimevimba, wote wakione.

"Ndiyo nimezimaliza," akasema. "Nilikuwa nazo mia tatu. Zote nimeipa kompyuta ya Fathia tangu asubuhi, na kila moja imeila barua yangu. Iliyobaki ni hapana, na hizo niko nazo nyingi."

Mzee Kilonzo alivua miwani, akaandika neno moja, akapiga muhuri. Mnunuzi alitoka bila kuaga. Ndambuki alimfuata akikimbia, viatu vinalia.

Nje, Kalondu aliketi kwenye benchi akapuliza kidole. Simu ikalia. Ilikuwa Fathia: Yahye amepiga, anasema kulikuwa na herufi moja tu ya kuongeza, mashine ingejijibu yenyewe ndiyo zote.

"Mwambie ashindwe," Kalondu alisema, akakata.

Mlango ukafunguliwa. Bodi ilikuwa imepumzika kunywa chai, na mzee Kilonzo alikuja na kikombe chake, akaketi ukingoni mwa benchi, akakohoa.

"Mama," akasema, "hivyo viatu, ilikuwaje?"

Kalondu akamsogelea.

"Mwaka 1981," akaanza, "nilikuwa na mbuzi wawili."