Niliandika siri za mgonjwa wangu kwa Kiswahili nikidhani Sydney hakuna wa kuzisoma

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne. Mkiona umenyooka sana msidhani ni chai ya kutunga, ni ugonjwa wangu wa kurekebisha kila kitu. Yaliyomo yalitokea, na aliyeharibu ni mimi.

Majina yote nimebadilisha. Hata maradhi nitakayoyataja siyo yenyewe, nimeweka mengine yanayoaibisha kwa kiwango kilekile. Anayedhani amemtambua mhusika amekosea, na asinifuate PM.

Twende.

Ilikuwa miaka ya Corona, ile lockdown ndefu ya Sydney. Mimi ni binti wa Kitanzania, nilikuja kusoma, nilikuwa naishi Granville, mtaa wenye Waafrika wengi. Masomo yamehamia kwenye laptop, kazi za hotelini zimekufa, kilichobaki ni kuhudumia wazee majumbani kwao.

Kazi yenyewe nilijifundisha kwa video. Namna ya kumgeuza mtu kitandani, namna ya kumvalisha mtu mkono usiofanya kazi, mpaka namna ya kukunja pembe za shuka. Nikaongezea vyeti vya kozi fupi za mtandaoni, kampuni moja ikanichukua.

Mafunzo yao ya privacy yalikuwa slaidi unabonyeza next, next, finish. Mimi kila slaidi niliisoma mara tatu. Password yangu ya app ya kazi ilikuwa ndefu mpaka nikawa naiimba kimoyomoyo ili niikumbuke. Nikikuta faili la dawa liko wazi mezani nalifunika, hata kama humo ndani tuko wawili tu, mimi na mwenye faili.

Nawaeleza haya ili mwelewe kwa nini bado nina hasira. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyevujisha.

Mmoja wa niliowahudumia ni Mama Furaha, mjane kutoka Kongo, anakaa peke yake Merrylands, mtaa wa jirani. Binti yake, Furaha, yuko Perth, na mipaka ya majimbo ilikuwa imefungwa, hawezi kuja. Mimi nilipangiwa huyu mama kwa sababu ya Kiswahili.

Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Mtu wa vitenge vilivyopigwa pasi hata siku ambayo hakuna anayekuja. Ukifika kwake anakukaribisha kana kwamba wewe ndiye mgonjwa.

Shida yake ni kwamba mkojo ulikuwa unamtoka bila kujua, na alikuwa ameanza kuvaa pampasi za watu wazima. Siku ya kwanza nambadilisha aligeuzia uso ukutani mpaka nikamaliza. Kisha akasema:

"Mwanangu, hii mambo ni ya mimi na wewe na Mungu. Furaha peke yake ndiye nilimuambia, na yeye kidogo tu. Usiambie mutu."

"Naapa sitasema, Mama."

"Usiape. Sema tu ndiyo."

"Ndiyo, Mama."

Sasa mnawajua watu wetu. Kwetu mgonjwa hafichwi. Ukiumwa, watu wanatakiwa wajue unaumwa nini, tangu lini, na umeshakunywa dawa gani, ndipo waje na uji. Lockdown ilizuia kuja. Haikuzuia kuuliza.

Aliyenitesa zaidi ni Mama Aline, Mrundi mwenye duka Granville. Anauza unga, mawese, sombe (kisamvu) ya kwenye friza, na anasali kanisa moja na Mama Furaha. Kila nikiingia:

"Binti, mama yetu ana nini hasa?"

"Mama, siruhusiwi kusema."

"Eh! Miaka miwili tu, umeshakuwa Muzungu?"

"Ndiyo kazi ilivyo, Mama."

"Kazi gani ya kunyima mutu maombi?"

Nalipa unga wangu natoka, najiona shujaa.

Shida ilianzia kwenye notes. Ukimaliza shift unatakiwa kuandika kwenye app, kwa Kiingereza, kabla hujaondoka kwa client. Mwanzoni nilikuwa naandika palepale. Siku moja coordinator wangu, Leanne, anayetupangia zamu, akanirudishia notes kwa sababu niliandika kwamba client amegoma kuoga. Akaomba neno laini zaidi. Alisema kwa upole, sentensi moja tu. Mwingine angeshaisahau kabla ya kikombe cha chai kupoa. Mimi niliibeba wiki nzima.

Nikabuni utaratibu wangu. Naandika kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari, kila kitu kama kilivyotokea. Nikifika nyumbani nakaa na kamusi, natafsiri, nasahihisha, ndipo naingiza kwenye app.

Najua. Maandishi ya client hayatoki nje ya nyumba yake, slaidi ilisema, na niliisoma mara tatu. Lakini nilijijibu: jina siandiki, naandika MF. Na lugha ni Kiswahili. Nani Sydney hii atasoma Kiswahili?

Wakuu, naishi Granville! Mkongo, Mrundi, Mkenya na Mtanzania wakikutana kituo cha treni wanaongea nini? Nilifunga mlango kwa kufuli ambalo kila jirani ana ufunguo wake.

Ijumaa moja Mama Furaha akanituma sombe. Nikaenda kwa Mama Aline. Wakati ule huingii dukani mpaka uscan QR code ya kujisajili. Simu inagoma, miwani imejaa ukungu kwa sababu ya barakoa, mkononi nina mfuko, sanitizer na daftari. Daftari nikaliweka juu ya friza ili nipate mkono. Scan ikakubali. Nikachukua sombe, nikampelekea Mama, nikarudi nyumbani.

Nimeshafungua laptop niandike notes ndipo nikagundua. Nilimwaga mkoba wote kitandani. Nikatafuta mpaka ndani ya sufuria, msiniulize kwa nini. Nikapiga simu dukani.

"Liko hapa, binti. Nimekutunzia."

Nilikimbia. Alikuwa ameliweka kwenye mfuko wa nailoni na kulifunga fundo, kwa heshima kabisa.

"Mwandiko wako muzuri sana," akaniambia. "Kama wa mwalimu."

Nikacheka, nikasema asante. Mwandiko wa mtu huwezi kuujua bila kufungua daftari lake. Nilijua hilo nikiwa bado nimesimama palepale.

Utaratibu ni kwamba taarifa ya client ikionekana na asiyehusika, unaripoti siku hiyohiyo. Nikafungua email kwa Leanne. Nikaandika. Nikafuta kwa sababu aya ya kwanza haikukaa vizuri. Nikaandika tena, nikaona najitetea sana. Nikafuta. Ya tatu nikaona sijitetei vya kutosha. Mwisho nikajiambia labda Mama Aline ameona ukurasa wa kwanza tu, na ukurasa wa kwanza una ratiba ya chakula.

Sikutuma.

Kesho yake, Jumamosi mchana, nilikuwa zamu kwa Mama Furaha. Akina mama walikuwa na maombi ya Zoom, na kazi yangu ni kumfungulia tablet na kumweka mute, maana alikuwa anapenda kutafuna karanga wenzake wakiomba. Kamera tulizima. Jina lililoonekana ni la tablet yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba yumo.

Mama Aline ndiye aliyekuwa anasoma mahitaji ya kuombewa. La kwanza, kijana anayesubiri visa. La pili:

"Tumukumbuke mama yetu Mama Furaha. Mama yetu ni muvumilivu, hasemi. Lakini Mungu amefunua. Mkojo unamutoka, anavaa pampasi kama mutoto. Tumuombee kibofu chake, wapendwa."

Amina zikaanza kutoka kila kona ya kioo. Mmoja akaanza kulia kwa sauti.

Mungu amefunua! Kumbe siku hizi Mungu anafunua kwa counter book.

Mama Furaha aliacha kutafuna. Alishika kitenge chake magotini akakivuta chini taratibu, kama mtu anayetazamwa.

"Zima," akasema.

Nikazima. Akaweka karanga mezani, halafu:

"Ni Furaha. Ni yeye tu anajua."

Akachukua simu, akaweka loudspeaker kama anavyofanya siku zote.

"Furaha, umeniuza kwa kanisa?"

"Maman? What are you talking about?"

"Usinijibu Kingereza! Mimi nilikufunika wewe miaka yote, leo wewe unanivua mbele ya watu?"

"Maman, sijaongea na mutu! I swear, sijaongea!"

"Usinipigie tena." Akakata.

Mimi nimesimama pembeni, gloves mkononi. Kati ya "umeniuza" na "usinipigie tena" nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu: Mama, ni mimi. Nafasi hiyo yote niliitumia kupanga sentensi.

Nikamaliza shift. Kwenye app nikaandika kwamba client alikuwa kimya baada ya maombi. Kile Kiingereza hakikuwa na kosa hata moja.

Jumapili nilishindwa kula. Wambui, Mkenya niliyekuwa naishi naye, anafanya kazi kwenye ghala moja karibu na Port Botany, akanibana mpaka nikasema. Ndiyo, hata hapo nilikuwa nasimulia mambo ya client. Sikutaja jina, lakini najua.

"Wewe," akasema, "unalock simu ukienda kuoga na tuko wawili kwa hii nyumba. Alafu unaandika mambo ya shosho, mama mzee wa watu, kwa exercise book?"

"Ilikuwa kwa Kiswahili."

"Ai! Na sisi saa hii tunaongea nini, Kichina?"

Nikaanza kulia. Akaacha mzaha.

"Sikiza. Kuna msichana Perth ametukanwa bure, na mamake amebaki peke yake kwa lockdown. Hiyo ndiyo shida. Hiyo ingine yote ni wewe na nerves zako."

Nikatuma email muda uleule. Mistari mitatu, na "confidential" nimeikosea spelling. Niliona kosa kabla ya kubonyeza. Nikabonyeza hivyohivyo.

Leanne alinipigia baada ya muda mfupi. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema natolewa kwenye ratiba mpaka wamalize kuchunguza, na kampuni lazima imjulishe Mama rasmi. Nikamwomba niwepo.

Jumatatu tulisimama mlangoni kwa Mama Furaha, barakoa usoni. Leanne alikuwa amempata mkalimani kwenye simu ili mambo yaende kwa utaratibu. Alipoanza kueleza, Mama akainua mkono.

"Huyo kwa simu ni nani? Hapana mutu mwingine tena wa kusikia mambo yangu. Zima. Aseme huyu mutoto."

Leanne akaniangalia, nikamtafsiria. Akamuaga mkalimani.

"Mama, Furaha hakusema," nikaanza. "Ni mimi. Niliandika kwenye daftari, nikalisahau dukani kwa Mama Aline."

"Nilikuambia usiambie mutu."

"Sikumwambia mtu, Mama. Niliandika tu."

"Na karatasi haina mdomo?"

Leanne hakuuliza tumesemaje.

Mama akachukua simu, safari hii bila loudspeaker. "Furaha. Mwanangu. Ni mama." Akaingia ndani, akasukuma mlango ukabaki nusu. Tulimsikia akilia, sikumsikia anachosema, na nashukuru sikukisikia.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa amefunga kilemba upya.

"Nimekusamehe, mwanangu. Biblia inanilazimisha. Lakini humu ndani usirudi."

Sikurudi.

Kampuni ilinipa onyo la maandishi na kunirudisha kwenye mafunzo. Zilezile slaidi, next, next, finish. Daftari likapita kwenye mashine ya kukata karatasi ofisini, nikiwa natazama.

Mama Aline nilimfuata nikamweleza alichofanya. Akaniangalia kama ninayeongea Kigiriki: "Lakini nilikuwa namuombea!" Amesoma daftari lisilo lake, amelitangaza, na bado anaona mwenye roho mbaya ni mimi niliyekuwa nanyamaza. Halafu akaniongezea kwamba Mama Furaha ameacha kuingia kwenye maombi, na uongozi wa akina mama ameuachia. "Unajua ana nini?"

Wakuu, niliondoka bila kununua unga.

Nilichojifunza sina namna ya kukipamba. Andika ukiwa bado kwa client, kwa Kiingereza chako hichohicho kibovu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sentensi imepinda. Mimi niliogopa neno baya kwenye notes kuliko nilivyoogopa daftari langu kusomwa, na gharama akailipa mama wa watu. Msamaha alinipa kwa mdomo wake mwenyewe. Kiti chake mbele ya wenzake hakuna aliyemrudishia.

Mnaofanya kazi hizi ughaibuni, niambieni: watu wa kanisani au msikitini wakikuuliza mgonjwa ana nini, unawajibuje wakaelewa kwamba kunyamaza nako ni kumpenda? Mimi mpaka leo sijapata maneno. Na mwenye kunichapa anichape, uwanja ni wenu.