Kamba Iliyofunga Mto Makumbini

"Jecha, umetutia kamba mtoni kama mbuzi wa kufugwa! Mgeni wangu yuko nje pale, maji yashaanza kupwa, na wewe umekaa hapa na filimbi shingoni!"

Hivyo ndivyo alivyoanza Bi Mwanawema asubuhi ile ya bamvua, siku ya maji makubwa, na gati zima likamsikia. Kasimama matopeni, kanga kaikaza kiunoni, mkononi bado kashika rungu lake la kupigia makumbi. Jecha yuko juu ya gati, kakaa kwenye kiti alichokichukua kwake. Haja ya kiti pale haikuwapo, ila mtoza ada lazima akae juu ya anayetozwa.

"Ada ni ada, Mwanawema. Mashua ngeni shilingi mbili. Atoe, aingie."

"Shilingi mbili kwa kujifunga kwenye mkoko? Mkoko uliupanda wewe?"

"Kamati imepitisha."

"Kamati ndiyo iliyoupanda?"

Watu wakacheka, na Jecha akapuliza filimbi, sijui alikuwa akimwita nani. Polisi wa karibu alikuwa Wete.

Kwa asiyewajua, hawa wawili walikuwa mtu na mkewe kwa miaka sita, kisha wakaachana. Jecha bin Mjaka alisema kamwacha kwa harufu ya makumbi. Mwanawema binti Safari alisema kaachwa kwa sababu mume hakupenda kukumbushwa ahadi. Mimi nilikuwa jirani wa wote wawili, ukuta kwa ukuta, na nasema kila mmoja alisema kweli.

Maana harufu ilikuwapo. Sisi wanawake wa Makumbini kazi yetu ni kamba. Makumbi ya nazi tunayafukia kwenye matope ya mto, tunayakandamiza kwa mawe, tunayaacha yaoze nusu mwaka, kisha tunayafukua, tunayapiga kwa rungu mpaka zibaki nyuzi tupu, tunazianika, tunazisokota mapajani. Ukitoka shimoni unanuka hivi kwamba hata chetezo cha udi kinasalimu amri. Mwanawema aliingia matopeni na mama yake hajavunja ungo, na miaka ile ninayoielezea, mwishoni mwa miaka ya hamsini, alikuwa keshapita arubaini na kitu na magoti yanalia akiinama.

"Mwanaasha," aliniambia siku moja tumekaa tunapiga, "mimi nataka kabla sijafa nifanye kazi nimekaa kwenye mkeka, nguo yangu kavu."

"Kazi gani hiyo?"

"Cherehani."

Nilicheka. Hakucheka. Alikuwa keshafanya mpango wake na Nahodha Vuai, Mtumbatu aliyekuwa akija mtoni kwetu kila msimu kununua kamba. Mwanawema angempa kamba zake zote za misimu miwili, na Vuai angemletea kutoka Tanga cherehani ya mkono, iliyokwishatumika lakini nzima. Kwa misimu miwili basi hakuuza hata pima moja kwa mtu mwingine. Alikula muhogo, akasokota. Chumba chake kilijaa kamba mpaka mlango, ukimtembelea unazungumza naye nje.

Sasa, gati. Zamani gati letu lilikuwa matope na gogo. Mashua ngeni zikija zinajifunga popote kwenye mikoko, nahodha anashuka, anatoa salamu, anapewa maji ya kisima na moto wa kupikia, basi. Mwaka ule wanaume wakajenga gati la mawe na fito za mkandaa, na kweli wakalijenga vizuri, siwanyimi haki yao. Ubaya wake likawavimbisha kichwa. Zilikuwa zama za siasa, kila penye watu wanne pana kamati na mwenyekiti, na sisi tukapata Kamati ya Gati, mwenyekiti Jecha, mweka hazina Jecha, na mwenye filimbi Jecha.

Ada zikapangwa. Mashua ngeni kufunga, shilingi mbili. Kila abiria anayeshuka, thumuni. Kuteka maji kisimani, thumuni nyingine. Mwenyeji hatoi kitu. Ilikuja mashua ya watu wa hitima kutoka upande wa Makangale, wanakuja kumsomea mjomba wao, wakatozwa kwa kichwa, mmoja mmoja, hata bibi kizee aliyebebwa mgongoni. Jecha alisema kabebwa lakini kashuka. Yule bibi akamwambia, "Baba, ukifa wewe nitakuja kwa miguu."

Habari hizo hazikukaa. Mashua zikaanza kupita mlango wetu bila kugeuza hata uso, zinakwenda mto wa pili. Wengine walikuwa wanaingia kwa ujanja wakati Jecha kaenda kusali. Ndipo akapata wazo lake la kamba. Mlango wa mto wetu ni mwembamba, na uko karibu na gati, ukipiga ukelele unasikika. Akafunga kamba nene kutoka mkoko wa ng'ambo hii hadi mkoko wa ng'ambo ile, ikawa inaelea juu ya maji na vitambaa vyekundu, na anayetaka kuingia alipe kwanza, ndipo kamba ilegezwe.

Na kamba yenyewe kaitoa wapi? Kwa Mwanawema! Alimwendea kwa adabu zote, "Sabalkheri Bi Mwanawema, hujambo Bi Mwanawema," akaomba ile kamba nene ya nyuzi tatu iliyokuwa kando, nje ya mapatano yake na Vuai. Hakusema ya nini. Wakakubaliana kwamba hatatoa pesa, atamwezekea jiko lake kwa makuti mapya kabla ya vuli. Kamba akaichukua siku ileile. Vuli ikaja, ikanyesha, ikaondoka. Jiko la Mwanawema lilikuwa likivuja hivi kwamba ukipika wali hujui maji yapi uliyatia wewe na yapi aliyatia Mungu. Kila akimwona Jecha njiani anamuuliza, "Makuti?" Jecha anajibu, "Nayachagua."

Basi tumefika asubuhi ya bamvua. Vuai kafika mlangoni na maji yamejaa pomoni, kakuta kamba. Kwenye mashua yake, juu kabisa ya mzigo, tulikiona kitu kimefungwa gunia, kina umbo la kichwa cha punda. Mwanawema alipokiona alishusha rungu kidogo, akanishika mkono. Kisha ndipo alipomvaa Jecha kwa yale maneno niliyoanza nayo.

Vuai naye alikuwa na kichwa chake. "Sitoi!" alipaza sauti kutoka nje. "Baba yangu kafunga hapa, babu yangu kafunga hapa! Siku zote nikipokewa kwa salamu, leo napokewa kwa kamba! Bi Mwanawema, nisamehe, mimi nakwenda Wete!"

"Cherehani yangu je?"

"Fundi mmoja huko, Msellem, keshaniambia ataichukua! Njoo na kamba zako Wete tupangane upya!"

Kupangana upya, na Wete iko wapi! Angezipeleka kwa njia gani, kichwani? Misimu miwili ya magoti yake inaondoka na maji, na maji yenyewe yameanza kuacha mstari wa unyevu kwenye mashina ya mikoko. Mashua ya Vuai isipoingia hapo hapo, isingeingia mpaka bamvua jingine, na cherehani ingekuwa keshaikalia Msellem.

Mmoja wetu akasema, "Tumlipie shilingi mbili, tumalize."

"Hamlipi!" Mwanawema akageuka kama kaumwa na nyuki. "Mkimlipa leo, kesho atatuuzia na kivuli cha mkoko." Akamtazama Jecha. "Kamba ile ya nani?"

"Ya kamati."

"Kamati iliilipia nini?"

Kila mtu gatini aliijua habari ya jiko.

"Haya basi. Kitu sijalipwa, ni changu. Naenda kuchukua kamba yangu. Mwanaasha, nifuate."

Nikamfuata, na wenzetu wa makumbi nyuma, wanawake saba tukikokotana kando ya mto ndani ya mikoko, maji yanatupanda magotini, mapajani, kifuani. Vigelegele vilikuwa vyatoka kwa nani sijui, nadhani kwangu mwenyewe. Mabaharia wa Vuai wakaanza kupiga makofi kwa mkupuo kama wanavuta tanga. Watu wakashuka kutoka vijumbani, wengine na vikombe vyao vya chai mkononi.

Tulifika kwenye mkoko. Fundo lilikuwa chini ya maji, limekunywa maji vuli nzima, limevimba likawa gumu kama jiwe la kusagia. Mwanawema akalivuta, kucha zikamkatika. Mimi nikalivuta. Wote tukalivuta. Halikujali.

"Kata!" Vuai akapiga kelele. "Maji yanakimbia, kata!"

Mmoja akampa kisu. Mwanawema akakitia kwenye kamba, na hapo akasita. Niliona uso wake. Kamba ile kaisokota yeye, pima thelathini, hakuna kiungo hata kimoja. Ukiikata inakuwa vipande vya kufungia kuku.

Jecha alituona tumekwama, akapata ulimi. "Kata tu, Mwanawema! Si umesema yako?"

Hapo ndipo aliponyanyua kichwa. Maji kifuani, nywele zimefumuka, na anatabasamu.

"Sikiliza, Jecha, na nyote mnisikie! Nikiikata, nakuachia. Itakuwa yako, vipande viwili, na makuti yangu utayatoa yote, na kila nikupitapo nitakudai, msikitini nitakusubiri mlangoni, na kwenye maziko yako nitasimama nidai kwa warithi! Lakini fundo ni lako, umelifunga kwa mkono wako. Ukija kulifungua wewe, naichukua kamba yangu nzima, na deni la makuti limekufa leo, hapa majini, mbele ya watu wote. Chagua, na uchague upesi."

Loo! Nilimwona Jecha anahesabu. Mtu yule alikuwa bahili mpaka salamu yake ilikuwa fupi. Kutoa makuti mia kwa vipande viwili vya kamba, au kutotoa kitu. Watu wakaanza kumwimbia, "Ingia! Ingia!" Mwenzetu mmoja akamwita, "Bwana mwenyekiti, njoo ukae huku, kuna kiti cha maji!"

"Usikate!" alisema. "Mwanawema, usikate, nakuja!"

Akajitosa na kanzu yake, kofia yake na filimbi yake. Alikuja akipiga maji kama bata, akajipenyeza kwenye mizizi ya mkoko, na mizizi ile imejaa chaza wakali kama wembe. Tulisikia kanzu inapasuka, kwanza pembeni, kisha nyuma, mpasuko mrefu. Wanawake tukatazama juu mbinguni, wengine si sana.

"Lilikuwa fundo la ng'ombe," Jecha alisema, meno yanagongana. "Ukilisukuma kwanza linalegea. Shika hapo. Siyo hapo. Hapo."

"Nimeshika. Fanya haraka, maji yashashuka kiunoni."

"Usinihimize."

"Miaka sita sikukuhimiza, unaona tulipofika."

Akacheka. Naapa alicheka, Jecha, ndani ya maji. Akasukuma, akapinda, akavuta, na fundo likaachia kwa sauti kama ya kizibo. Kamba ikateleza juu ya maji na vitambaa vyake vyekundu, ikachukuliwa na mkondo, na Mwanawema akaidaka ncha, akaikumbatia. Mashua ya Vuai ikapita kando yetu karibu kabisa, chini inakwaruza tope, mabaharia wakipigia kelele kila mtu, na ikafika gatini ikakaa. Dakika chache baadaye pale mlangoni kaa walikuwa wanatembea.

Vuai alishuka, akamwendea Jecha aliyekuwa kajifunga gunia kiunoni, akampa mkono. "Assalaam alaykum, mwenyekiti."

"Wa alaykum salaam," akajibu Jecha. Hakumtoza hata thumuni ya kushuka.

Ada zile hazikufutwa na kikao. Zilikosa kamba. Alipotaka nyingine, kila mwanamke wa makumbi alimwambia zake zimeagizwa na Mtumbatu. Zikafa hivyo, na mashua zikarudi, na kisima hakikukauka.

Mwanawema alihama matopeni. Cherehani iliwekwa kwenye mkeka chumbani, palipokuwa na kamba, na mwezi wa kwanza alishona kwa mistari ya ulevi. Mwezi wa pili watu wakaanza kuleta vitambaa. Mimi niliendelea na makumbi, na nikitoka shimoni napitia kwake kumtazama kakaa na nguo kavu. Alinikataza kukalia mkeka.

Masika ilipokaribia alikuja Jecha. Tulimsikia kabla hatujamwona, makuti yanavyokwaruza, kabeba kichwani hata uso hauonekani. Akayashusha mlangoni mwa jiko.

"Ya nini hayo?" Mwanawema akauliza, hajanyanyua macho kwenye sindano. "Deni si nililiua?"

"Uliliua." Jecha akatoa kitu kwapani, kimekunjwa. Ilikuwa ile kanzu, mpasuko toka bega hadi pindo. "Sasa nina haja ya fundi, na hapa Makumbini fundi mmoja tu."

Mwanawema akaichukua, akaitandaza magotini, akaupima mpasuko kwa shubiri. "Mkubwa. Leta na makuti ya upande wa pili wa paa."

"Yako njiani."

"Unayachagua?"

"Nishayachagua," alisema Jecha, akavua viatu, akapanda juu ya jiko.

Mpaka adhuhuri mmoja alikuwa akifunga makuti juu, mwingine anazungusha mkono wa cherehani chini, na matusi yanapanda na kushuka baina yao. Aliposhuka, kanzu ilikuwa tayari. Akaivaa, akageuka ili tuione nyuma.

"Tunadaiana?" akauliza.

Mwanawema akakata uzi kwa meno. "Hatudaiani."