Viti Nje ya Maktaba

Bi Wasila alikuwa mtunza maktaba wa Bir Zitun, mji mdogo wa Tunisia wenye mikahawa chungu nzima na maktaba moja, na kwa muda wote wa kazi yake aliilinda maktaba hiyo dhidi ya wasomaji. Mtoto akicheka, "Shhh." Mzee akikohoa, "Shhh." Aliyerudisha kitabu kinanuka harisa, ile pilipili ya kusaga, alipigwa marufuku mpaka atubu. Kwa hiyo vitabu vilikuwa safi ajabu, na ukumbi mtupu ajabu.

Hapo diwani Lamjed akapata pa kushikia. Lamjed aliuza vipuri vya matrekta, na tangu achaguliwe hakuwahi kutamka neno kodi bila kujishika kifua.

"Kila mtu ana simu siku hizi," aliliambia baraza la mji. "Mlipa kodi anamwaga jasho ili vitabu vipigwe feni. Jumatano nakwenda kuwatazama hao wasomaji. Nisipowaona, Alhamisi tupige kura, tufunge."

Habari ilimfikia Bi Wasila ikamkosesha usingizi. Utotoni kwao walikuwa wamejazana vyumba viwili, na kiti cha kwanza maishani alichokalia bila kuambiwa inuka kilikuwa ndani ya maktaba ile. Akameza kiburi, akaenda kwa jirani yake Mongia, msusi mwenye mdomo usio na breki.

"Nitafutie wasomaji, dada."

"Si umewafukuza mwenyewe? Leo unawatafuta kama mbuzi waliopotea. Hata mimi ulinitoa kwa kutafuna mbegu za alizeti."

"Zilikuwa na kelele."

"Basi nakuletea watu, na mbegu zao. Na viti vya plastiki juu, maana vyako vimevunjika miguu."

"Watu sawa. Mbegu hapana."

"Kelele au kufuli, shoga. Chagua."

Bi Wasila akachagua kelele, kwa uchungu.

Jumatano asubuhi viti vikaletwa. Kabla ya kuviingiza, Bi Wasila aliona sakafu haifai kuonwa na diwani, basi akavipanga nje, vyote vikiegemea ukuta wa barabarani, akaanza kudeki. Sasa, mtu wa Bir Zitun akiona viti vimepangwa ukutani asubuhi, na hakuna ngoma wala taa za harusi, haulizi. Anajua kuna msiba. Na akishajua, hathubutu kuuliza kafa nani, maana ndugu na jirani wa kweli angekuwa ameshaambiwa.

Wa kwanza kuketi alikuwa mzee Hattab, mwoka mikate. Walionunua mikate wakamwona, nao wakaketi. Bi Wasila akatoka, macho mekundu kwa dawa ya kusafishia sakafu.

"Pole sana, binti yangu," akasema Hattab.

"Ahsante, baba. Kazi ni nyingi." Akawatazama, akamsifu Mongia kimoyomoyo. "Ingieni ndani na viti vyenu. Ila kimya, tafadhali."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ukumbi ukajaa, watu wameinamisha vichwa, na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi, mmoja mmoja akachukua kitabu. Kisha ikaingia sufuria ya kuskusi, chakula ambacho majirani hupeleka msibani. Bi Wasila alifungua mdomo kuikemea, akaufunga. Leo wasomaji hata wakichinja kondoo, sawa.

Lamjed alipofika na kuona hali ile, alivua miwani ya jua, akainua viganja, akasoma Fatiha. Na kwa vile diwani hawezi kuona umati bila kuuhutubia, akasimama kati.

"Ndugu zangu, tumepoteza nguzo ya mji huu. Nani kati yetu hakupata kheri mahali hapa? Nami naahidi mbele yenu, baraza halitawatupa wafiwa. Chochote kitakachohitajika, tutatoa."

"Amina," ukumbi ukaitika. Bi Wasila peke yake alibaki ameduwaa. Diwani akapewa sahani na kijiko.

Ndipo Mongia akaingia na wasomaji wake halisi, mifuko imejaa mbegu. Akanusa, akatazama huku na huku.

"Kwani kafa nani?"

Kila mtu akamtazama mwenzake. Bi Wasila akatazama viti, akatazama sufuria, na mwishowe akaelewa.

"Hajafa mtu," akasema. "Maktaba ndiyo mgonjwa. Diwani anataka izikwe kesho."

"Basi wewe, mwanangu," Hattab akamgeukia Lamjed, "ulikuwa unamsifu nani?"

Lamjed alimeza kuskusi kwa shida. "Nilisema kwa jumla."

"Umeahidi kwa jumla, utatoa kwa jumla," akasema Mongia.

"Lakini hawa hawakuja kusoma!"

"Kweli," akasema Bi Wasila. "Wamekuja kukaa. Nitajie pengine mjini ambapo mama atakaa kutwa bila kuulizwa anakunywa nini."

Lamjed akaizunguka mikahawa yote kichwani, na katika kila mmoja akamwona mhudumu amemsimamia. Akaendelea kula.

Alhamisi alipiga kura fedha za maktaba zibaki, mkono ukipanda polepole kama wa kuazima.

Jumamosi Hattab alirudi kumalizia kitabu alichokianza msibani, na nyuma yake Mongia na kundi zima, wakipasua mbegu. Bi Wasila akapeleka kidole mdomoni. Akakumbuka. Akakipandisha kidogo, akajikuna pua.